Baba Nimweke Upande Gani

Muyinga, 18 Februari 2024

Kwako Anisia binti Fabiano,

Ikiwa barua hii imekukuta mzima, basi nami nimetulia. Huku tuko salama, ukiacha goti langu la kushoto linalotangaza mvua kabla ya redio. Mke wa Adriano amejifungua mtoto wa kike wiki iliyopita. Mama na mtoto hawajambo, na mwanangu Adriano anatembea mjini kama yeye ndiye aliyezaa. Maharage tumevuna ya kutosha mpaka Juni, Mungu akipenda.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ni ya Adriano, na katika nyumba hii simu ikilia tunasikiliza watu sita. Jambo hili silitaki masikioni mwa watu sita.

Jovina, ninayeimba naye kwaya, alikwenda Gitega kumwona dada yake. Kumbe dada yake ni Imelda, mwenye nyumba wako. Mimi sikujua mpaka aliporudi na maneno. Anasema una meza chumbani yenye masanamu, mshumaa na ubani, na kwamba kila alfajiri unavaa nguo nyeupe na kuongea nayo. Anasema ni miungu ya Misri, ile ya Farao. Aliyasema hayo mbele ya kwaya nzima tukisubiri mvua ipite, kisha akanigeukia:

"Mama Adriano, si wewe uliyemlea?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Mama yako alipofariki nilikuchukua ukiwa na miaka kumi na mitano. Kambi nzima ya wakimbizi pale Ulyankulu inajua nilivyokuwa nakupeleka mafundisho ya kipaimara kwa miguu. Sasa nataka uniambie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kama ni kweli. Na kama ni kweli, meza hiyo iondoke kabla ya Pasaka.

Shangazi yako,
Theodosia


Gitega, Musinzira, 3 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Mwambie Adriano apumzike, uzazi unachosha. Mimi sijambo. Maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, kwa hiyo nyumba yangu imejaa bidoni za maji kama duka. Darasani nina watoto themanini na saba. Nawafundisha ngeli saa nzima, wananijibu vizuri kabisa, kisha kengele inalia na wanatoka wakipiga kelele, "Mwalimu, iko mvua!" Nimeamua kucheka.

Sasa nakujibu. Ni kweli.

Sanamu ni moja tu. Ni mwanamke ameketi, urefu wake kama kiganja. Fundi wa hapa Gitega alinichongea baada ya kumwonyesha picha kwenye simu. Amempa pua ya kikwetu, nami nimeipenda. Jina lake ni Aset. Katika vitabu vya Kifaransa wanamwita Isis.

Naamka saa kumi na moja na nusu. Naoga, nasukutua kinywa kwa maji yenye chembe za magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage, kisha najifunga shuka nyeupe. Nawasha mshumaa na ubani kidogo. Naweka glasi ya maji safi na kipande cha mkate, nashukuru, nataja ninaowaombea, nakaa kimya kidogo. Halafu nazima mshumaa na kuula ule mkate kwa chai, kwa sababu desturi ni kwamba kilichotolewa hakitupwi. Saa moja kasoro niko njiani kwenda shule. Hakuna damu, hakuna dawa, hakuna jina la adui wa mtu.

Nilianza miaka mitano iliyopita. Nilisoma kwenye simu kwamba mume wa Aset aliuawa na mwili wake ukafichwa, naye akazunguka nchi nzima akiuliza watu mpaka akampata. Nilisoma hadi chaji ikaisha. Kanisani nilifundishwa kungoja, na siwalaumu. Ila sikuwahi kuonyeshwa mwanamke anayekwenda kutafuta kwa miguu yake. Nikawatafuta wanaomheshimu siku hizi. Si wengi, lakini wapo. Kuna mama mmoja wa Lubumbashi anayenifundisha kwa Watsapu, ni karani wa kampuni ya maji, mtu wa kawaida kama mimi.

Meza yangu ina pande mbili, Shangazi. Upande mmoja nawaombea walio hai: wewe na goti lako, Adriano, na sasa mtoto. Upande wa pili ni wa waliotutangulia. Hapo yupo mama, na ile picha yake ya kitambulisho cha ukimbizi. Baba ndiye sijui nimweke upande gani. Mama alikuwa akisema atakuja, mpaka siku yake ya mwisho alisema atakuja. Kwa hiyo nimemweka na walio hai, na kila asubuhi naomba abishe hodi. Mwaka huu anatimiza miaka sitini.

Mama alisema wewe ndiye uliyemwona mwisho, siku ile tulipokimbia Bugendana. Unalolijua, hata dogo, niandikie.

Meza siwezi kuiondoa.

Mwanao,
Anisia


Muyinga, 9 Juni 2024

Kwako Anisia,

Salamu nyingi. Mtoto ameitwa Nuru na ana mapafu mazuri, mtaa wote ni shahidi. Mihogo ya mwaka huu ni midogo lakini haina ugonjwa. Goti ni lile lile.

Nimechelewa. Mafuta hakuna, magari yanapanga foleni siku tatu, na watu wa kubeba barua hawasafiri. Najua utasema posta ipo.

Pasaka imepita na meza ipo, Jovina amenipa habari bila kuulizwa. Nimeacha kukaa karibu naye kwenye kwaya. Usijivune, si kwa ajili yako, ni kwa sababu anaimba puani. Umesema hakuna damu wala dawa. Nakuamini. Hata ulipovunja chungu changu ulikuja kusema kabla sijakiona. Lakini sipendi, na naendelea kukuombea kila jioni.

Kuhusu ile siku ya Bugendana, ni zamani. Watu walikuwa wengi, kila mtu alikimbia alivyoweza. Usimwombe baba yako arudi. Mwombee namna nyingine.

Vaa sweta, Gitega ina baridi mwezi huu.

Theodosia


Gitega, Musinzira, 30 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Nashukuru kwa barua, na kwa jina la Nuru. Sweta nimevaa.

Huku mambo yalichafuka kidogo. Wiki mbili zilizopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nafua uani. Akaja shefu wa mtaa, na Imelda nyuma yake amefunga mikono. Shefu ni mtu wa hapa hapa, anaongea kama watu wa hapa.

"Mwalimu, watu wanalalamika. Mi niko naomba kuona hiyo chumba."

Nikamfungulia. Alisimama mbele ya meza muda mrefu, kofia mkononi.

"Hii maji iko ya nini?"

"Ya ibada. Baadaye namwagilia ua langu."

"Na mkate?"

"Nitaula na chai."

Akainama akaangalia chini ya kitanda. Akafungua kopo la magadi, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Imelda akasema, "Muulize anaroga nani." Shefu akaniuliza kweli, kwa adabu. Nikamwambia simrogi mtu, nawaombea watu, na kama anataka nitamtaja na yeye. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana, mi uniache tu," akasema. Kisha akamgeukia Imelda: "Mama, mi sioni kosa hapa. Naona glasi."

Nilidhani yameisha. Jumatatu nikaitwa ofisini kwa direkta wa shule. Imelda alikuwa amekwenda na huko. Nikakaa mbele ya meza yake nikiwaza kwamba sina kazi nyingine ninayoijua. Direkta akasoma karatasi, akaikunja.

"Darasani unafundisha nini?"

"Ngeli, bwana direkta. Na insha."

"Miungu huifundishi?"

"Sijawahi."

"Basi kafundishe ngeli," akasema. "Zinawashinda."

Nikatoka nikakaa chooni nikalia kidogo, kisha nikaenda darasani. Kazi ninayo. Nyumba sina: Imelda amenipa mpaka mwisho wa Agosti.

Lakini hilo siyo linalonikosesha raha. Umeandika, "Usimwombe baba yako arudi." Nimeusoma mstari huo mara nyingi mno. Sikukuuliza nimwombee vipi, nilikuuliza unajua nini. Mwanzoni mwa Agosti mwaka wa Kimisri unageuka. Kabla ya hapo tunaosha kila kitu na kuipanga meza upya. Nitakuwa na picha ya mama mkono mmoja, na mkono wa pili mtupu kama kawaida. Kama unajua pa kumweka baba, niambie. Kama hujui, niambie kwamba hujui, uandike hivyo hivyo, nami sitauliza tena.

Anisia


Muyinga, 11 Agosti 2024

Anisia mwanangu,

Leo sina habari za mihogo.

Barua hii nimeianza mara nne. Adriano amedhani naandika wasia. Nilikuwa tayari kukuandikia kwamba sijui, kwa maana umenipa ruhusa. Nikaandika, "Sijui." Nikaliangalia neno lile na nikakuona umesimama kila asubuhi na glasi yako ukingoja hodi. Mama yako alingoja hivyo hivyo, na sababu ni mimi. Sitaweza kuwafanyia wawili.

Baba yako amefariki. Alifariki Bugendana, Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu Oktoba, mwaka wa tisini na tatu. Nilimzika mimi.

Unajua tulikuwa tumerudi kutoka Ulyankulu wiki sita tu, tukidhani sasa tumefika nyumbani. Rais alipouawa na makabila yakaanza kuuana, tulishuka bondeni na watu wengine: mimi, mama yako Martha na wewe mgongoni mwake una homa. Fabiano akasema anarudi mara moja kuchukua vyeti vyetu. Hakuja. Nikamwambia Martha abaki, nikapanda. Nilimkuta pembeni ya shamba la kahawa, chini ya nyumba. Vyeti vilikuwa ndani ya shati. Waliomuua walikuwa wameshapita.

Pale barabarani kulikuwa na mtu mwenye duka la nguo, Othmani, Mwislamu, ambaye hakuwa amekimbia. Aliniona nikimvuta kaka yangu kwa mabega. Hakuniuliza sisi ni watu wa upande gani. Alirudi dukani akaleta jembe na kitambaa cheupe cha marekani ambacho hakijawahi kufunguliwa. Tulichimba kwa zamu, jembe lilikuwa moja. Ilikuwa saa tisa mchana na mvua ikinyesha. Tukamfunga kile kitambaa. Othmani akasoma dua ya kwao, mimi nikasema Baba Yetu, hatukuwa na muda wa kupangana. Juu tuliweka jiwe la kusagia tulilolikuta pale nyumbani, mbwa wasifukue.

Niliposhuka, Martha alikuwa amekaa chini. Akasema, "Fabiano yuko wapi? Bila yeye sitembei." Wewe ulikuwa unawaka moto. Nikamwambia ametangulia na wanaume wengine kwa njia ya Karuzi, tutamkuta ng'ambo ya mpaka. Akasimama. Akatembea siku tano na wewe mgongoni. Uongo huo siujutii, na Mungu akiniuliza nitamjibu hivyo hivyo.

Ninachojutia ni baadaye. Tulipofika Ulyankulu nilisema atakapopata nguvu nitamwambia. Alipopata nguvu nilisema asubiri upone. Kisha watu wakaanza kuleta uvumi, mara Fabiano ameonekana Kasulu, mara ameonekana Zambia, naye akafurahi, na mimi nikanyamaza. Kesho yangu ikawa miaka kumi na mmoja. Alifariki ameelekea mlangoni. Baada ya hapo ningekuambiaje wewe?

Othmani yu hai. Miaka sita iliyopita nilimwona sokoni Gitega, ana cherehani mbili kwenye baraza la mabati, upande wa wauza viatu. Nilijificha asinione. Nenda kwake. Sema wewe ni mtoto wa Fabiano aliyetoka Ulyankulu.

Sikuandika haya ili uache miungu yako wala ili uizidishe. Mimi nitaendelea kukuombea, nawe niombee goti, tutaona nani anasikilizwa.

Ukinikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Usinyamaze. Kunyamaza nimeshanyamaza mimi, najua kunavyomla mtu.

Shangazi yako,
Theodosia


Gitega, Musinzira, 15 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Niko mzima. Nimehama, kama utakavyoona hapo mwisho.

Nilikukasirikia siku tatu. Nilikuwa naosha vyombo kwa kelele. Nilimfikiria mama na lile shati la baba alilokuwa akilianika kila baada ya masika lisiote ukungu, wewe ukimshikia kamba upande wa pili. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha. Siku ya nne niliamka, nikaoga, nikajifunga shuka, na nilipofika mahali pa kumwomba baba arudi, mdomo ukakataa. Kisha nikatambua kwamba mabega yangu yameshuka. Miaka mitano, labda miaka thelathini, nilikuwa nimeyabeba juu kama mtu anayesikiliza mlango. Nikakaa kwenye kitanda nikamlilia baba kama wanavyoliliwa watu. Nilichelewa shule.

Othmani nilimpata. Ana ndevu nyeupe na miwani mbili, moja ya kushona na moja ya kuangalia watu. Nilipomtajia jina la baba alisimamisha cherehani.

"Mtoto alikuwa na homa," akasema. "Dada yake Fabiano aliniambia. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi ulipona." Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. "Mi nilifikiri hakuna mtu alibaki wa kuuliza."

Tulikwenda Bugendana Jumapili iliyofuata. Gari lilitufikisha nusu ya njia, iliyobaki tukatembea, na mzee anatembea kunishinda. Nyumba haipo. Kahawa ipo, imezeeka. Mama mmoja alikuwa analima mihogo pale chini, akatuona tukizungukazunguka, akaja na jembe begani. Nikaogopa. Nikamweleza, kwa Kirundi changu kibovu, kwamba sidai shamba, natafuta jiwe la kusagia.

Akatuongoza. Mihogo ilikuwa imepandwa mpaka pale, ikasimama, ikaacha nafasi kama ya mkeka, ikaendelea upande wa pili. Jiwe lilikuwa katikati.

"Nililikuta nilipopewa shamba hili," akasema. "Nikajua kuna mtu. Sijawahi kupiga jembe hapa."

Ana miaka kumi na saba pale, Shangazi. Miaka kumi na saba amelima kwa kumzunguka baba yangu asimjue jina. Nikamwambia jina. Akalirudia.

Nilikuwa nimebeba maji kwenye chupa, na mkate. Nikamwagia maji, nikasema niliyokuwa nimejiandaa kusema, kisha nikasahau nusu, nikamwambia tu kwamba mimi ni Anisia, kwamba mama yuko huko alipo, na kwamba sasa hana haja ya kurudi. Othmani aliinua mikono yake pembeni. Yule mama alipiga ishara ya msalaba. Mkate tuliugawana watu watatu, tumekaa kwenye majani, na yule mama akatuletea ndizi mbivu. Nilikuwa nimejiandaa kurudi nimevunjika. Nilirudi nimechoka vizuri, kama mtu aliyemaliza mavuno.

Baba sasa yuko upande wa mama. Sina picha yake, nimeandika jina kwenye karatasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Nyumba mpya iko mitaa miwili kutoka kwa Imelda. Mwenye nyumba ni mzee Zakaria. Nilimwonyesha meza kabla sijalipa chochote, nisije nikafukuzwa tena. Akaiangalia, akaniuliza swali moja tu, kama nafuga kuku, kwa sababu aliyenitangulia alifuga na choo hakikukalika. Nikasema sifugi. Akanipa ufunguo.

Sikukasirikii tena. Bila uongo wako wa bondeni nisingekuwa na mkono wa kuandikia. Ule mwingine umekulipisha mwenyewe, naona. Yatosha.

Njoo Krismasi. Kaa hata mwezi.

Mwanao,
Anisia


Muyinga, 4 Novemba 2024

Anisia mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, na Adriano alipokuja kuuliza nalia nini nikamweleza yote, na mkewe akasikia, na mama mkwe wa Adriano akasikia, akawaambia waliobaki. Kwa hiyo watu sita wanajua. Hakuna aliyeanguka.

Krismasi nitakuja. Ubani uwashe kabla sijaamka, kifua changu hakitaki moshi.

Sasa nikuambie la juzi. Jumamosi ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Kila mwaka watu wanapeleka majina, Padri anayasoma. Kila mwaka nilipeleka baba, mama na Martha. Fabiano sikuwahi. Kule Ulyankulu nisingeweza, Martha alikuwa benchi moja na mimi. Baada ya Martha kufariki sikuweza tena, nisijue kwa nini. Mwaka huu nilimwendea katekista na kumtajia jina, mkono wangu ukiwa ukutani.

Padri akaanza kusoma. Orodha ni ndefu, na katekista wetu ana mwandiko wa kuku. Alipofika kwetu akasoma Martha, vizuri. Kisha akasoma, "Fabiana."

Nilijiambia niache, Mungu anajua kusahihisha. Nikakuta nimeshasimama.

"Padri, ni Fabiano," nikasema. "Mwanamume. Ni kaka yangu. Alifariki Bugendana mwaka wa tisini na tatu, tarehe ishirini na tatu Oktoba."

Kanisa zima likageuka. Jovina aligeuka mwili wote. Padri akashusha miwani, akatoa kalamu, akasahihisha karatasi pale pale altareni. Kisha akasoma upya, polepole, jina na mahali na tarehe, na watu wote wakaitika, "Umpe raha ya milele, ee Bwana."

Nikaketi. Misa ilipoisha nilirudi nyumbani, nikala sahani mbili za maharage, nikalala mchana kweupe mpaka Nuru aliponivuta kilemba.

Shangazi yako,
Theodosia